Mongdang Apata Ukoo

Ukiiacha barabara ya kiwanda pale Mogogosiek, ukashika njia ya udongo inayoteremka kati ya mashamba ya chai, utafika kwenye boma moja ambamo mfalme wa Korea husimama asubuhi kando ya tangi la maji akipiga miayo. Usimsujudie. Mfalme huyo ni Nicholas, msafirishaji wa maziwa. Kofia yake ya kifalme ni kifuniko cha sufuria kilichofungwa kidevuni kwa kamba ya kiatu, na joho lake ni shuka la kitanda. Anayemkazia macho kutoka kwenye kigoda ni mkewe Janeffer, tableti magotini na kalamu mkononi, akimchora.

"Inua kidevu, mtukufu."

"Mtukufu ana maziwa ya kupeleka."

"Kunja uso kwanza. Umeibiwa kicheko, huwezi kukaa hivyo kama mtu ameshiba."

"Mimi nimeibiwa asubuhi yangu, mama watoto. Nikunje uso mara ngapi?"

Wachuma chai wanaopita na vikapu mgongoni walikwisha kuzoea. "Mfalme, habari ya Korea?" humwuliza kutoka barabarani, naye hujibu bila kugeuza shingo, maana akigeuza atagombezwa: "Korea kuna baridi."

Janeffer hakuzaliwa akiota Korea. Alizaliwa akichuma chai kama kila mtu wa upande huu wa Konoin, na hata sasa, mama wa mabinti wawili, asubuhi zake ni za majani mawili na kichipukizi. Lakini mchana ni wa mvua. Mvua ya kwetu haina adabu. Hufika kila alasiri kama mgeni anayejua chai inaivishwa saa ngapi, na ikishafika hakuna wa kutoka shambani wala wa kuingia. Ni katika saa hizo za kufungiwa ndani ambapo mama mkwe wake, Tecla, ambaye kila mtu humwita Kogo, yaani nyanya, aliwasha televisheni na kuifungulia familia tamthilia ya Kikorea iliyotiwa sauti za Kiswahili. Watu wote wa boma walilia kwa ajili ya malkia. Janeffer peke yake aliangalia kofia.

Zilikuwa kofia nyeusi, za ukingo mpana, nyepesi kama kivuli, zilizosukwa kwa nywele za farasi. Akachora moja nyuma ya kalenda. Akamchora mtu chini yake, kisha farasi chini ya mtu, kisha akaanza kusoma kwenye simu hadithi ambazo bibi za Kikorea waliwasimulia wajukuu wao zamani: simbamarara avutaye kiko, mbweha wa mikia tisa, na zimwi litokalo kwenye ufagio uliochakaa. Hilo la ufagio ndilo lililomteka. Kwetu ufagio ukizeeka hutupwa nyuma ya zizi ukasahaulika. Ufagio wa Korea ya kale haukubali kusahaulika. Siku moja huinuka na kuwa zimwi, wala si zimwi la kula watu. Ni jitu la kupenda mieleka na chakula cha bure, linaloficha vitu vya watu kisha likacheka mpaka paa litikisike.

"Huyu namjua," Janeffer alijiambia, ingawa hakujua amemjua wapi.

Akampa jina Mongdang, neno alilolisoma huko huko, linalohusu ufagio uliofagia mpaka ukabaki kisiki. Akamtungia riwaya ya picha, enzi za wafalme, katika jumba la vigae vyeusi. Kwa sababu hajawahi kuona simbamarara, alimchora kwa kumtazama paka wa rafiki yake Dorine, fundi wa cherehani, na ndiyo maana simbamarara wa kitabu cha kwanza ana uso wa mtu anayesubiri kutupiwa omena. Kwa sababu hajawahi kuona Korea, milima aliyoichora ni ya hapa, imenyolewa sawasawa kama kichwa cha mwanafunzi wa bweni. Na kwa sababu mfalme ni mtu mzima mwenye heshima zake, alimpa chai ya maziwa na mkate wa siagi.

Maxine, mhariri wake wa Nairobi, alimpigia simu.

"Janeffer, mfalme wa Korea wa zamani hizo hakunywa chai ya maziwa."

"Alikunywa nini?"

"Sijui, lakini si hiyo. Na hiyo thermosi mezani iondoe."

Thermosi ikaondolewa. Kitabu kikatoka, kikauzwa hadi Kaplong na Chepilat, na upande wetu kikaingia kwenye ulimi wa watu kabla ya kuingia kwenye vichwa vyao. Panga likipotea: "Mongdang amepita." Soksi moja ikibaki bila mwenzake: "Muulize Mongdang." Hata mhubiri mmoja alisikika akisema sadaka isichezewe kama iko mikononi mwa Mongdang.

Sasa Janeffer alikuwa akimalizia kitabu cha pili. Humo Mongdang ameiba kicheko cha mfalme na kukifungia ndani ya kibuyu. Ufalme mzima umenuna. Mwishoni, kama walivyopatana na Maxine, Mongdang anakamatwa, anarudishwa kuwa ufagio, na anachomwa moto mbele ya jumba. Kurasa hizo za mwisho ndizo pekee zilizokuwa hazijachorwa, na kitabu kilitakiwa kwa mpiga chapa wiki iliyofuata. Kikichelewa hapo, Maxine alikwisha sema, kitangojea mwaka mwingine, na nani ajuaye mwaka mwingine una nini.

Basi hapo ndipo shemeji yake Janeffer, Joan, mke wa Noah mdogo wake Nicholas, alipojifungua mtoto wa kiume.

Kwetu sisi Wakipsigis mtoto haji duniani mtupu. Anakuja na mtu. Kuna mzee wa ukoo aliyekufa ambaye amechoka kukaa huko aliko, akaamua kurudi kupitia kwa huyu mchanga, na kazi ya bibi za ukoo ni kuuliza ni nani. Humkalisha mtoto, humpitishia ugoro kidogo puani, kisha huita majina ya marehemu mmoja mmoja. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, basi huyo ndiye. Shughuli hiyo huitwa kurenet. Ubatizo kanisani unabaki palepale. Padri anajua, na padri hasemi.

Wanawake walijaa nyumbani kwa Joan. Kogo alimweka mtoto magotini, akakohoa, akaanza.

"Ni Arap Chumo?"

Kimya.

"Ni Arap Maritim?"

Mtoto alikuwa amelala.

"Ni Arap Busienei?"

Mtoto alifungua jicho moja, akamtazama Kogo kama karani anayesumbuliwa saa ya chakula, akalifunga.

Majina yakaenda. Ya wazee wa vita, ya wazee wa ng'ombe, ya mzee mmoja ambaye kazi yake yote duniani, kwa kadiri mtu anavyokumbuka, ilikuwa kulalamika. Hakuna. Kogo alianza kutokwa na jasho.

"Huyu ni mkaidi. Ni wa upande wa baba yake kabisa."

"Lakini Mama," Joan akasema, "upande wa baba yake si ni wewe?"

"Mimi niliolewa tu."

Dorine alikuwa mlangoni akimenya viazi. Kwao ni ziwani, kule magharibi, lakini ameishi Mogogosiek miaka mingi hata watu husahau. "Kwetu mtoto ndiye hulia mpaka litajwe jina lake," akasema. "Huyu wenu anataka tulie sisi. Mjaribu Mongdang basi, labda ndiye ameficha hayo majina yote."

Mtoto akapiga chafya.

Haikuwa chafya ya kubahatisha. Ilianzia kwenye nyayo, ikapanda, ikamtikisa tumbo, ikatoka kwa kishindo kilichomweka kofia upande. Kuku aliyekuwa akidonoa maganda ya viazi mlangoni alibaki na mguu mmoja hewani.

"Ni ugoro," alisema Noah, baba wa mtoto, kutoka dirishani ambako hakutakiwa kuwapo.

"Ugoro umekuwa hapo tangu Arap Chumo," Kogo akajibu. "Mbona yeye hakupigiwa?"

"Basi ni Dorine anakaanga pilipili."

"Wewe Noah, mimi niko na viazi hapa," Dorine akasema. "Usinibebeshe mambo ya ukoo wenu."

Kogo alimfuta mtoto pua, akamtengeneza kofia, akainama. "Arap Chumo?" Kimya. "Arap Maritim?" Kimya. Akashusha sauti kama mtu anayegonga mlango wa jirani asiyemwamini. "Mongdang?"

Chafya.

Vigelegele vilianza, vikakwama, vikaanza tena, vikafa. Jerusa, rika la Kogo na mshindani wake katika mambo yote, alitikisa kichwa. "Lakini Tecla. Zimwi? Tena la nje?"

Kila mtu alimtazama Janeffer. Janeffer aliitazama sakafu, na sakafu haikumsaidia.

Kogo akaanza kusema polepole, kwa sauti ya mtu anayefukua kitu ardhini na hataki kukivunja.

"Baba mkwe wangu alikuwa na ndugu. Sitonik. Alichukuliwa na Wazungu kwenda vita, ile ya Burma, akapandishwa meli. Wenzake walirudi. Yeye hakurudi, na hakuna aliyemwona akifa. Mama yake alikuwa hai bado nilipoolewa hapa. Ndiye alinihadithia. Alisema Sitonik alikuwa mrefu hivi, anacheka mpaka ng'ombe wanaacha kula. Anaficha vitu vya watu. Anapigana mieleka na kila mtu, hata wageni. Anakula chakula cha nyumba tatu. Na yule mama alikataa kabisa jina lake liitwe kwa kurenet, kwa sababu hapa tunaita wafu, na yeye alisema mtoto wake hajafa. Mpaka leo hajaitwa."

"Sasa hiyo inahusu nini na Korea?" Noah akauliza.

"Wewe ulisoma. Burma na Gorea si ni upande mmoja?"

"Ni mbali, Mama."

"Alikuwa na miguu mirefu, nimekwambia. Alipotea vitani, akatembea, akafika. Hawakumjua, wakasema huyu ni zimwi. Sasa Janeffer amemchora, akaona njia, akarudi."

Jerusa hakuwa mtu wa kushindwa hivi hivi. "Basi muite kwa jina lake. Sitonik. Tuone."

Kogo akamwinamia mtoto. "Sitonik?"

Mtoto akapiga miayo.

"Aha!" Jerusa akasema.

"Aha ya nini? Amekaa huko miaka mingi, amezoea jina la huko." Kogo akageuka kwa mtoto. "Mongdang?"

Chafya, na safari hii na mate.

Hapo vigelegele vikapanda bila breki. Joan alicheka mpaka akashika mshono. Dorine alicheza na kisu cha viazi mkononi, watu wakampisha. Chai ikamiminwa, mursik, maziwa yetu ya mgando, ikaletwa katika kibuyu chake, na kila aliyeonja akaonja kwa heshima ya Sitonik, aliyefika nyumbani kwa kuchelewa lakini amefika. Janeffer naye alikunywa, na moyo wake ulikuwa umejaa kitu asichoweza kukitaja. Ndipo Nicholas, mume mwema, mtu asiyejua kunyamaza, alipotia kichwa mlangoni na kusema:

"Lakini si Mongdang anachomwa?"

Vikombe vikasimama njiani.

"Anachomwa na nani?" Kogo akauliza.

Nicholas alitambua alichofanya, akajaribu kurudisha kichwa nje, lakini macho ya wanawake yalikuwa yamekwisha hama kwake na kutua kwa mkewe.

"Ni hadithi tu, Mama," Janeffer akasema.

"Hata Sitonik ni hadithi tu. Mimi sikumwona. Nilihadithiwa." Kogo akamfunika mtoto blanketi. "Hachomwi."

Maji yakazidi unga. Janeffer alimpigia Maxine, akamweleza yote: chafya, Burma, miguu mirefu. Maxine alisikiliza vizuri, kwa maana ni mtu mwenye subira, kisha akasema, "Hiyo ni hadithi nzuri, Janeffer, lakini haiko kwa kitabu. Kwa kitabu, msomaji anangojea moto tangu mwanzo. Mfalme ameapa. Kuni zimekusanywa. Ukimwacha zimwi aende bila kitu, mfalme anacheka aje? Nipe mwisho ambao kicheko kinarudi. Hicho ndicho nataka. Na wiki ijayo haingoji mtu."

Kogo naye hakungoja. Kila alasiri, mvua ikianza, alikuja na kigoda chake, akakaa nyuma ya bega la Janeffer. Hajui kusoma, lakini picha haihitaji kusoma. Akiona kitu chekundu kinachorwa anauliza, "Hiyo ni nini?"

"Ni paa la jumba, Mama."

"Sawa. Nilidhani ni moto."

Na hata asipokuwapo, mkono wa Janeffer ulikuwa umegoma. Kila alipouchora ule ufagio juu ya kuni, vijiti vyake viligeuka vidole, na vidole vikawa vya mtu mrefu aliyepandishwa meli na kuambiwa apunge mkono. Akafuta. Akachora tena. Akafuta mpaka akaogopa tableti itatoboka.

Siku zilipokwisha kubanana, aliamua kufanya kama mwizi. Kogo na Jerusa walikuwa wamekwenda soko la Chepilat kutafuta wimbi, na hawangerudi mapema. Janeffer akamwita mumewe na shemeji yake nyuma ya zizi. Akitazama watu halisi, aliwaza, mkono utatii. Nicholas alifungwa kwenye nguzo kwa kamba ya ng'ombe, akiwa amevikwa majani makavu ya mahindi mwili mzima ili awe ufagio. Miguuni pake zikapangwa kuni. Noah, aliyekubali kwa shingo upande baada ya kuahidiwa kuku, akavaa shuka na kifuniko cha sufuria, akapewa mwenge, yaani gunzi la mahindi kwenye fimbo.

"Noah, wewe una hasira."

"Nina hasira kweli. Hapa nimesimama kwa mavi ya ng'ombe."

"Vizuri, baki hapo hapo. Nicholas, lia."

"Nalia aje na mdomo umejaa majani?"

"Lia kama ufagio!"

Sasa kumbe njia ya Chepilat siku hiyo ilikuwa imepigwa na mvua ya mawe, na wale bibi wawili walikuwa wamegeuzwa njiani. Kogo aliingia bomani akiwa amelowa, akasikia mtu analia nyuma ya zizi, akazunguka. Aliona mwanawe amefungwa kwenye nguzo, amekuwa ufagio kuanzia shingoni, kuni ziko tayari, na mbele yake mfalme mwenye mwenge.

Hakuuliza swali hata moja. Kile kizee, ambacho kwa kawaida hupumzika mara mbili kutoka jikoni hadi sebuleni, kilitupa kikapu, kikaruka mfereji, kikamshika mfalme kiunoni.

"Mama, ni mimi! Ni Noah!"

"Najua ni wewe! Ndiyo maana!"

Noah ni mtu mzima mwenye kitambi, lakini kitambi hakina mizizi. Aliyumba kulia, akayumba kushoto, shuka likamfunga miguu, akaenda chini mzima mzima pale samadi ilipo laini zaidi. Kifuniko cha sufuria kikabingiria peke yake hadi mlangoni pa zizi, kikazunguka, kikalala. Ng'ombe aligeuka kuona ni nini kimeingia chakulani mwake.

Noah aliinua uso. Ulikuwa wa kijani tangu paji la uso hadi kidevuni, na katikati yake macho mawili meupe yakipepesa.

Aliyeanza ni Nicholas, kule nguzoni. Kicheko kilimtoka na majani ya mahindi, kikamtikisa mpaka nguzo ikalia. Kikamkamata Jerusa aliyekuwa amefika nyuma akihema. Kikamfika Kogo, akakaa chini kwenye zile kuni. Na mwisho kabisa, akiwa bado kwenye samadi, mfalme mwenyewe akajitazama, akajaribu kubaki na hasira, akashindwa. Noah ambaye hucheka kwa kipimo, kama mtu anayetia sukari ya kununua, alicheka akigaragara.

Janeffer hakucheka. Alikuwa akichora. Mkono ulikimbia mbele yake naye akaufuata mbio: mfalme na zimwi wakishikana mieleka, mfalme akianguka matopeni mbele ya mawaziri wake wote, kofia ikibingiria, zimwi likicheka mpaka kibuyu kikapasuka. Kicheko kilichofungiwa humo kinatoka, kinazunguka ua, lakini mfalme hakihitaji tena. Amekwisha jipatia kingine, kikubwa zaidi, hapo hapo matopeni.

"Mnifungue basi," Nicholas alisema kutoka nguzoni.

"Bado," Janeffer akajibu. "Endelea kucheka."

Alizituma kurasa zile jioni ile ile. Kesho yake Maxine akapiga simu, na kwa kuwa Janeffer alikuwa na majani ya chai mikono miwili, Kogo ndiye aliyeipokea.

"Janeffer?"

"Wewe ndiye Magsini anataka kuchoma mtoto yetu?"

"Nani anaongea, tafadhali?"

"Mimi ni nyanya ya Mongdang."

Maxine alijikwaa na maneno, akajiokota. "Shikamoo, nyanya. Sitaki tena kumchoma. Nimeona kurasa. Nimecheka mpaka jirani wa ofisi akaja kuuliza. Mfalme na yale matope... Janeffer aliwaza wapi?"

"Hakuwaza. Ni mtoto yangu alianguka."

"Mwambie basi inabaki ukurasa mmoja. Mongdang ameachiliwa. Yuko langoni. Sasa anakwenda wapi? Msomaji atauliza."

Kogo alimpa Janeffer simu, au tuseme alimwekea juu ya kikapu cha chai, na hakuonekana kuridhika. "Huyu mtoto wa Nairobi amesema kitu ya maana," akakiri.

Alasiri hiyo mvua ilikuja kwa wakati wake. Joan alikuja na mtoto, akamlaza kwenye kochi. Kogo akaweka kigoda nyuma ya bega la Janeffer, karibu kuliko siku zote. Katika kioo cha tableti kulikuwa na kilima, njia, na jitu refu lenye nywele za ufagio, limeupa ulimwengu mgongo.

"Anakwenda wapi?" Janeffer akauliza. Hakumwuliza Maxine, wala hakujiuliza mwenyewe.

"Chora nyumba."

"Ya namna gani?"

"Ya nyasi. Siku hizo hakukuwa na mabati."

Janeffer alichora nyumba ya nyasi upande wa pili wa kilima. Alijua, kwa sababu alikuwa amesoma, kwamba wakulima wa Korea ya kale nao waliezeka kwa nyasi, na Maxine hangekuwa na la kusema. Kwa mbali, katika mvua ya kijivu aliyoipaka kwa kidole, haikuwezekana kujua ni ya huko au ya hapa.

"Weka moshi, ajue kuna mtu."

Akaweka moshi.

"Sasa weka mtu."

"Nani, Mama?"

"Unauliza! Mama yake. Amesimama nje, mkono hivi," na Kogo akaweka kiganja juu ya macho.

Janeffer alimchora mwanamke mzee, shuka begani, mkono juu ya macho, amesimama kwenye mvua kama mtu aliyesimama hapo miaka yote bila kwenda kulala. Kalamu ilienda taratibu. Joan alikuwa amesogea kutazama, na kwenye kochi mtoto akajinyosha na kupumua.

Kogo aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Alitazama jitu kwenye kilima, akatazama mama mlangoni. Akapangusa jicho moja kwa ncha ya kitambaa.

"Ni mzuri," akasema. "Lakini huyu mama mfanye mfupi kidogo."

"Kwa nini, Mama?"

"Nilipoolewa hapa alinisagisha wimbi sana yule."

Janeffer akafuta, akachora tena, kichwa kikashuka chini ya dirisha.

"Mfupi zaidi," akasema Kogo.